Mumiani na Kete: Juu ya Kufasiri Hadithi za Wasaka Wanyonya Damu kuwa Mchezo wa Vita vya Mezani

Kusudi la makala haya ni kueleza tatizo moja la kufasiri ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, pengine la kitoto, lakini ambalo ndani yake mna mambo yanayomhusu kila mtu anayeshughulika na maana za maneno. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wanaocheza vita vya mezani kwa vijisanamu vya askari, aghalabu vya urefu wa milimita 28 hivi, vilivyotengenezwa kwa madini laini au plastiki na kupakwa rangi kwa uangalifu mkubwa. Huvipanga juu ya meza yenye vilima, miti na nyumba za kuigiza; hupima mwendo wa majeshi kwa rula, na huamua mapigo kwa dadu. Karne ya 18 hupendwa sana na wachezaji hao kwa sababu ya mistari yake ya askari walionyooka, sare zake za rangi, na bunduki zake za gumegume. Baadhi yao wameingiza katika mchezo huo hadithi za kutisha za wafu wanaonyonya damu, na za watu wanaowasaka.

Mchezo huo umefika Mwanza. Vijana watatu wanaokutana Kirumba siku za Jumapili, mmoja wao mwalimu wa shule ya sekondari na wawili mafundi wa kompyuta, wameniomba niwape maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kanuni zao. Vilima vyao vya mezani ni mawe madogo waliyookota ufukweni, na kwa kweli yanafanana na majabali ya mji wao kuliko yanavyofanana na milima ya Ulaya. Walichotaka ni orodha ya maneno kama thelathini. Kiswahili kina maneno hayo, tena kwa wingi. Shida ni kwamba kila neno lililokuwa karibu lilikuja na hukumu yake, na hukumu hiyo ilibadili mchezo wenyewe.

Kwanza yafaa tuseme kidogo juu ya asili ya mchezo. Mwaka 1780, huko Braunschweig, Johann Christian Ludwig Hellwig alitoa mchezo wa vita alioutoa katika sataranji, wenye ubao wa miraba 1,617. Reisswitz, baba na mwana, waliutengeneza upya huko Prussia, na kanuni za mwana za mwaka 1824 zikatumika kuwafundishia maofisa wa jeshi. Baadaye H. G. Wells, mwandishi wa Kiingereza, akatoa mwaka 1913 kanuni za kuchezea askari wa bandia sakafuni. Katika aina hizi zote mna desturi moja iliyorithiwa kwa sataranji, nayo ni kwamba anayeuawa huondolewa. Kijisanamu hutolewa mezani na kuwekwa kando, na mchezo huendelea bila yeye. Desturi hiyo tuikumbuke, maana tutairudia tutakapofika kwenye bao.

Ama habari ya wanyonya damu, wachezaji wa Ulaya hawakukosea kuitia katika karne ya 18, kwa kuwa ndiyo karne yake hasa. Baada ya mkataba wa Passarowitz wa mwaka 1718, sehemu ya Serbia ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo, marehemu mmoja aliyeitwa Petar Blagojević alidaiwa kuwaua jirani zake baada ya kuzikwa. Kisa kikubwa zaidi kilikuwa cha Medveđa. Wanakijiji wengi walikufa kwa muda mfupi, na watu wakasema kwamba chanzo chake ni Arnold Paole, ambaye alikuwa amekwisha kufa miaka kadhaa nyuma. Serikali ikapeleka waganga wa jeshi. Wakafukua makaburi, wakaandika waliyoyaona: maiti ambazo hazikuoza kama ilivyotazamiwa, damu mbichi vinywani, kucha zilizoonekana mpya. Taarifa yao ya Januari 1732, iliyoongozwa na mganga Johann Flückinger, ilienea Ulaya nzima, na mwaka huohuo neno lenyewe la Kislavoni likaanza kuonekana katika magazeti ya Kiingereza. Wataalamu wa leo wanajua kwamba dalili zote hizo ni za kawaida katika kuoza kwa maiti. Hata wakati ule wako waliotambua. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa alimtuma mganga wake Gerard van Swieten kuchunguza kisa kingine cha namna hiyo. Mganga akakanusha ushirikina huo, na malkia akapiga marufuku ufukuaji na uchomaji wa maiti.

Basi mambo yenyewe yalivyotokea yalikuwa ni ya hofu, maradhi, na maofisa wenye kalamu. Hadithi zilizotungwa baadaye zikayageuza. Katika kitabu cha Bram Stoker cha mwaka 1897, msomaji huoneshwa mnyonya damu tangu sura za mwanzo, ndani ya ngome yake, kabla wasakaji hawajakusanyika. Kwa hiyo wanapochukua mambo ya chuma na miti iliyochongwa, msomaji hana shaka nao. Amekwisha kuona kwa macho ya mwandishi. Filamu ya Kiingereza ya Captain Kronos, iliyotoka mwaka 1974 na kupendwa na wachezaji wa mezani, yaonesha jambo hilohilo kwa njia ya kuchekesha kidogo: wasakaji huzika vyura waliokufa njiani, na mnyonya damu akipita, chura hufufuka. Huo ni ushahidi usioweza kukosea. Msakaji wa hadithi za Ulaya hupewa chura wake na mtunzi. Ukimnyang'anya chura huyo, hubaki na watu wenye silaha waliokwisha kukata shauri.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Vijana husema "vampaya", neno walilolipata katika filamu, na sina ugomvi nalo. Limekwisha kuvaa irabu yake ya mwisho na laingia katika ngeli bila taabu. Lakini wenzangu wa Kirumba walitaka neno la kwetu, na la kwanza walilolitaja lilikuwa "mumiani".

Neno hili lina safari ndefu kuliko mengi. Asili yake ni Kiajemi, kutokana na "mum", yaani nta. Lilikuwa jina la namna ya lami nyeusi itokayo miambani, iliyotumika kama dawa ya mifupa iliyovunjika. Waarabu walilichukua, Walatini wakalichukua kwa Waarabu, na kwa sababu maiti za kale za Misri zilionekana kupakwa kitu kama hicho, jina la dawa likawa jina la maiti. Wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti hizo kama tiba kwa karne kadhaa, na hata katika karne ya 18 ulikuwa haujatoweka madukani mwao. Naona inafaa kulitaja hili, kwa kuwa watu waliozoea kusimulia hofu za Waafrika huwa hawataji kwamba wakati waganga wa Austria wanafukua makaburi ya Medveđa wakitafuta waliokunywa damu ya watu, wagonjwa wa miji ya Ulaya waliweza kununua maiti kwa mizani. Katika Bara Hindi nako palikuwa na uvumi kwamba dawa hiyo hukamuliwa kutoka kwa watu waliotekwa. Katika pwani yetu, Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaonesha hali zote mbili pamoja: dawa nyeusi mfano wa gundi itokayo Uajemi, na imani ya watu wengi kwamba dawa hiyo ni damu ya wanadamu iliyokaushwa, hata uvumi ukizuka watu huogopa kutoka nje baada ya jua kuchwa.

Mwanafunzi wa sarufi atazame mabadiliko ya upatanisho. Zamani mtu angaliweza kusema "mumiani imekwisha dukani", kama asemavyo "dawa imekwisha". Siku hizi husikia "mumiani wameingia kijijini". Kitu kimekuwa mtu. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kiambishi cha kitenzi kinachofuata, na kwa badiliko hilo dogo kitu kilichokuwa katika kichupa kimepata miguu, na uso, na jina la jirani. Sijui lugha nyingine ambamo jambo zito namna hii limetendeka kimyakimya kiasi hiki.

Maneno mengine ya ukoo huu nayo yana historia zao. "Wazimamoto" lilikuwa na ni jina la kazi ya heshima. Lakini katika enzi ya ukoloni, Kenya na Uganda, likawa pia jina la watu waliosemwa kuwateka wapita njia usiku na kuwatoa damu. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikusanya masimulizi hayo, baadhi yake huko Siaya, upande wa pili wa Ziwa letu, na Kampala, ambako watu husema "bazimamoto". Gari jekundu, mipira ya maji, sare, na kazi ifanywayo usiku: hivyo ndivyo vilivyotosha kuifanya fikira ihame kutoka maji kwenda damu. Upande wa Tanganyika twasikia "mchinjachinja". Uradidi huo si wa bure. "Mchinjaji" ni mtu wa ujuzi, mwenye kisu na kibla; "mchinjachinja" huchinja ovyo, tena na tena, bila kujulikana ni kwa haki gani. Ama "mnyonya damu", lililo wazi kuliko yote, tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 haliwezi tena kusikika bila mwangwi wa "unyonyaji" na "wanyonyaji", hata likitajwa katika hadithi ya majini. Msikilizaji wa makamo atamwona bepari kabla hajaliona kaburi.

Tukiyaweka maneno haya mbele yetu, twaona tofauti ambayo orodha ya vijana isingaliweza kuionesha. Mnyonya damu wa Ulaya ni mfu. Anayemsaka huenda makaburini, na mti wake humchoma mtu aliyekwisha kufa. Ni jambo la kuchukiza, na kwa wafiwa ni jeraha, lakini maiti haifi mara ya pili. Mumiani wa kwetu yu hai. Ana kazi, ana gari, huenda ana karatasi za serikali mkobani. Anayemsaka mumiani humkuta mtu.

Haya si mambo ya vitabuni. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na umati uliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa katika kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, uvumi wa namna hiyo uliua watu kadhaa katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Na huku kwetu Usukumani, ijapokuwa neno lililotumika lilikuwa jingine, msako umekuwa mkubwa zaidi. Uchunguzi wa Simeon Mesaki waonesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi, zaidi ya nusu yao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na wengi wao wanawake. Kikongwe mwenye macho mekundu alikuwa mashakani, na macho yale yaliiva kwa moshi wa mekoni mwake, katika nchi ambayo kuni zimeadimika na watu hupikia mabua na mavi ya ng'ombe.

Ndiyo sababu niliona kwamba neno la kuangaliwa zaidi ni la anayesaka, kuliko la anayesakwa. Wenzangu walikuwa wameandika "mwindaji". Neno zuri, lenye pori na umande ndani yake. Na "msasi" la kale ni zuri zaidi. Lakini mwindaji huijua nyama yake kwa unyayo. Hakuna aliyewahi kubishana naye kama swala ni swala. Kumwita mtu mwindaji wa wanyonya damu ni kukubali mapema kwamba wanyonya damu wako na kwamba yeye hawezi kuwakosea, yaani ni kumpa yule chura wa filamu. "Kusaka" ni tofauti. Anayesaka hupita nyumba kwa nyumba, hupekua, huuliza. Aweza kupata na aweza kukosa. Na twalisikia neno "msako" kila siku katika habari za polisi. Nikapendekeza "msakaji". Mmoja wa vijana akasema, "Mwalimu, hilo linanukia sungusungu." Nikamjibu kwamba lanukia hivyo kweli, na kwamba heri mchezaji ainuse harufu hiyo kabla hajatupa dadu. Majeshi ya jadi ya sungusungu yalipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi yalikusudiwa kuzuia wizi wa ng'ombe, na watu wengi waliyashukuru kwa hilo. Lakini mahali pengine msako wa mwizi uligeuka kuwa msako wa mchawi, na jina halikubadilika.

Palizuka pia swali la mahali. Vijana walitaka vita vyao viwe ufukweni mwa Ziwa katika karne ya 18, ili majabali yao yapate maana. Kwa upande wa historia ni shida. Bunduki ziliingia nchi za Ziwa kwa wingi katika karne ya 19, pamoja na misafara ya kutoka pwani. Kwa hiyo mistari ya askari wenye gumegume isingaliweza kusimama Nyamagana mwaka 1750. Mtu angaliweza kuweka mikuki, pinde na mitumbwi, na mchezo ukawa mzuri, lakini hapo tena neno mumiani haliingii, maana uvumi ule kama tuujuavyo barani ni wa enzi za magari na hospitali. Pwani ingalifaa zaidi: Mombasa ya Wamazrui ilikuwa na mizinga, ngome, na majahazi yaliyotoka Uajemi na Bara Hindi, na huenda dawa yenyewe ilikuwamo katika shehena. Ushauri wangu ulikuwa wabaki Medveđa. Taarifa yake ipo, majina na miezi imeandikwa, na Kiswahili chaweza kuibeba vizuri kabisa. Gumegume ni neno letu la siku nyingi, na anayetaka kurudi nyuma zaidi ana "bunduki ya mrao". Majabali ya Mwanza na yabaki palepale; Serbia haitaumia.

Nilipofika kwenye kanuni za mapigo ndipo Kiswahili kilipotoa kitu ambacho lugha zilizoutunga mchezo hazikuwa nacho. Wasomaji wetu walijua bao: mashimo 32 katika safu nne za manane, kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Mchezaji "hula" kete za mwenzake. Lakini kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Mlaji huichukua na kuipanda katika mashimo yake kuanzia kichwa, na tangu hapo yamtumikia yeye, mpaka itakapoliwa tena na kurudi ilikotoka. Hakuna kete inayokufa katika bao. Wasukuma wanaocheza isolo watalitambua jambo hili upesi. Katika sataranji askari akiliwa hutupwa sandukuni. Katika bao hugeuzwa. Sasa msomaji na ajiulize ni ipi kati ya kanuni hizo mbili iliyo karibu na hadithi ya mnyonya damu, ambayo kiini chake chote ni kwamba aliyeumwa huwa mmoja wao. Michezo ya Ulaya huhitaji kanuni ya ziada, ndefu na yenye vipengele, ili kumrudisha mezani mtu iliyokwisha kumwondoa. Mcheza bao hahitaji kuelezwa chochote. Yeye husema "ameliwa", na kila mtu ajua upande aliko.

Kuna na jambo jingine. Katika bao la Kiswahili kete za safu ya mbele tu ndizo zinazoliwa. Za safu ya nyuma zi salama mpaka zisogezwe. Tukumbuke watu wa Kamusi ya Johnson, waliojifungia ndani baada ya jua kuchwa. Safu ya mbele ni uani, ya nyuma ni ndani. Vijana walilidaka wazo hili kabla sijamaliza kulieleza, wakachora mstari wa chaki kati ya milango ya vijumba vyao na njia.

Kwa hiyo kanuni zao sasa zimekaa hivi. Mchezaji mmoja ana msakaji na watu wake, pamoja na wanakijiji walio upande wake. Wa pili hana mnyonya damu, ana uvumi. Chini ya kila mwanakijiji huwekwa kipande cha karata kilichofunikwa, na vipande vichache vyaweza kuwa na alama ya damu. Kila usiku dadu huamua ni nani afe kati ya walio nje. Anapokufa mtu, walio karibu naye kwa kipimo cha shubiri moja huliwa na uvumi: hawaondoki, husimama palepale walipo, lakini zamu ijayo huongozwa na mkono mwingine. Msakaji aweza kufungua karata ya yeyote. Akiikuta alama, huzirudisha kete zilizoliwa karibuni na kuzipanda upande wake. Asipoikuta, amemtia mkononi mtu asiye na hatia, na jamaa zote za mtu huyo huliwa mara moja.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya shauri langu kwamba kabla ya kuanza, karata nne zitolewe katika rundo bila kutazamwa. Maana yake ni kwamba yawezekana pasiwe na alama hata moja mezani, na wanaokufa wawe wanakufa kwa homa, kama walivyokufa, kwa kadiri ya dalili zote, watu wa Medveđa. "Mwalimu," akaniambia mkubwa wao kwa adabu, "mchezo usio na adui ni mchezo gani?" Nikamwomba wacheze mara tatu kisha anijibu. Hawakuliondoa sharti hilo. Yule aliyekuwa akishika uvumi ndiye aliyelitetea, kwa sababu aligundua kwamba akicheza vizuri aweza kushinda bila mnyonya damu yeyote kuwapo.

Jina la kanuni ya kumtia mkononi asiye na hatia lilitoka Usukumani kwenyewe. Kila mtoto wa huku amesimuliwa habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo yote, na za kijana Masala Kulangwa aliyeliua na kulipasua tumbo ili watu watoke. Katika masimulizi mamoja yanayojulikana sana, kisu cha kijana kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwamo tumboni, naye akatoka na hasira na kutaka kumroga aliyemwokoa. Kijana akatafuta dawa ya kumponya. Wengi husimulia sehemu ya zimwi kwa sauti kubwa na kulipita sikio haraka. Mimi naona sikio ndilo lililoitofautisha hadithi hii na zile za kina Stoker: hapa shujaa ni wa kweli, zimwi ni la kweli, na hata hivyo kisu kimempata asiyehusika, tena kikongwe, na shujaa ana deni. Vijana wameiita kanuni yao "sikio la bibi". Anayetaka kulilipa hukaa zamu mbili bila kusaka.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote: kitenzi cha kuigeuza karata. Wao waliandika "fichua", nami nikataka "funua". Vyote viwili ni vitenzi vya kutendua: "ficha" hutoa "fichua", "funika" hutoa "funua", na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angaweza kuviweka katika safu moja. Lakini tazama kila kimoja kinadai nini kabla hakijatenda kazi. Huwezi kumfichua mtu ila awe alikuwa ameficha kitu; tendo la kuficha limekwisha kudaiwa, na mtendaji wake amekwisha kupatikana, hata kabla ya kutazama. Ndiyo maana husemwa "kufichua wachawi", na vyama vya kusaka uchawi vilivyotembea vijijini, kama Kamchape ya Ufipa, vilidai kufanya kazi hiyo. Kufunua hakudai hivyo. Chungu hufunuliwa na kukutwa kitupu, wala hakuna aliyelaumiwa. Tofauti hii haimo katika kamusi zetu, ambazo huvieleza vitenzi hivi kana kwamba vyaweza kubadilishana mahali, na ningependa watungaji wa toleo lijalo waitazame.

Karata zimekwisha kuchapwa, na nyuma yake pameandikwa FUNUA. Mezani, mchezo ukipamba moto, mwalimu wa sekondari bado husema "fichua", na mwenzake anayeshika uvumi huwa hamsahihishi.